Kupima Vipuri na Kuunda Kompyuta ya Mezani: Mwongozo Kamili

Mwaka 2017 NVIDIA ilitoa kadi ndogo ya michoro iitwayo GeForce GT 1030, yenye memori ya aina ya GDDR5. Mwaka uliofuata likaja toleo jingine lenye jina lilelile, ila memori yake ilikuwa DDR4. Ukitazama boksi, tofauti ni herufi chache tu. Ndani ya kadi, kasi ya data kati ya memori na chipu ilishuka kutoka GB 48 kwa sekunde hadi GB 16.8, na michezo iliyokuwa ikienda vizuri ikaanza kukwama. Aliyesoma jina peke yake aliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kupima, kisha ndipo uje kwenye bisibisi. Kuunganisha vipuri ni kazi ya saa mbili au tatu. Kuvichagua ni kazi ya siku kadhaa, na makosa yote yanayouma hufanyika hapo. Kipuri hakipimwi kwa jina lake, wala hakipimwi kikiwa peke yake: hupimwa kwa kazi utakayokipa na kwa vipuri vitakavyokaa nacho ndani ya keisi (kasha la kompyuta) moja.

Hatua ya 1: Andika kazi kwenye karatasi

Kabla ya kutazama kipuri chochote, andika programu utakazotumia kila siku na ukubwa wa picha ya monita yako. Usiandike "kompyuta yenye nguvu", maana hilo halipimiki. Andika hivi: "kuhariri video za 4K", "kuandika programu huku mashine mbili za kubuni (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta) zikifanya kazi nyuma", "kucheza michezo kwenye monita ya 1920 kwa 1080".

Monita inasahaulika mno. Monita ya 3840 kwa 2160, yaani 4K, ina nukta nyingi mara nne kuliko ya 1920 kwa 1080, na kila nukta inachorwa upya katika kila fremu, yaani kila picha moja kati ya nyingi zinazopita kwa sekunde. Kadi inayotosha monita ya 1920 kwa 1080 inaweza kushindwa kabisa na ile ya 4K. Kwa upande mwingine, mtu wa kuandika, kuvinjari na kupiga hesabu hahitaji kadi ya michoro hata kidogo. Prosesa (chipu kuu inayopiga hesabu za kompyuta) yenye michoro ya ndani, RAM (memori ya kazi) ya GB 16 na SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) nzuri vitamtosha kwa miaka mingi, na fedha inayobaki ailipie monita isiyochosha macho.

Hatua ya 2: Prosesa na herufi za mwisho wa jina

Herufi za mwisho ndizo zenye habari. Kwa prosesa za Intel, F maana yake haina michoro ya ndani, na K maana yake unaruhusiwa kuipandisha kasi kupita ile ya kiwandani. Kwa AMD, prosesa za Ryzen za soketi (makao ya prosesa kwenye madabodi, yaani bodi kuu) ya AM4 hazina michoro ya ndani isipokuwa zile zenye G. Familia ya Ryzen 7000 ya AM5 imewekewa michoro midogo ya ndani, ila zile zenye F hazinayo. Nimeona watu wakiunganisha mashine safi kabisa, wakawasha, skrini ikabaki nyeusi, wakaanza kushuku madabodi. Kumbe prosesa haina michoro na hakuna kadi iliyochomekwa.

Kisha tazama soketi. Prosesa za Intel za kizazi cha 12, 13 na 14 hukaa kwenye LGA 1700. Core Ultra 200S za mwaka 2024 hukaa kwenye LGA 1851. AMD walitumia AM4 tangu 2016, kisha wakaleta AM5 mwaka 2022. Prosesa ya soketi moja haiingii kwenye nyingine kwa njia yoyote ile.

Namba nyingine inayopotosha ni wati za TDP, kipimo cha joto kinachoandikwa na mtengenezaji. Wengi hudhani ndiyo umeme ambao prosesa itakula. Core i9-13900K imeandikwa wati 125, lakini ikifanya kazi kwa nguvu zote inaruhusiwa kufika 253. Ryzen 9 7950X imeandikwa 170, na ukomo wake ni 230. Unapochagua kipoza na pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), hesabu kwa namba kubwa.

Hatua ya 3: Madabodi

Usiipime kwa taa zake. Fungua ukurasa wa mtengenezaji utafute orodha ya prosesa zinazokubalika. Mbele ya kila prosesa pameandikwa toleo linalohitajika la BIOS, programu ya ndani ya madabodi inayoiwasha mashine. Soketi ikilingana huku BIOS ni ya zamani, mashine haitawaka. Baadhi ya madabodi zina kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa wala RAM, na kwangu mimi kitufe hicho kina thamani kuliko mapambo yote.

Pia soma maandishi madogo kuhusu nafasi za M.2, zile bapa za kuchomeka SSD moja kwa moja kwenye madabodi. Kwenye baadhi ya madabodi, ukichomeka SSD kwenye nafasi fulani, milango miwili ya SATA (ya kuunganisha diski kwa waya) inazimika. Hakuna kilichoharibika, ni njia za data kugawana. Ila usipolijua hilo mapema utatafuta ubovu usiokuwepo.

Hatua ya 4: RAM, na hesabu moja ya kukumbuka

DDR4 na DDR5, vizazi viwili vya RAM, zote zina pini 288, lakini pengo la katikati liko sehemu tofauti na haziingiliani. AM5 hutumia DDR5 pekee. LGA 1700 ina madabodi za DDR4 na nyingine za DDR5, kwa hiyo hakikisha ni ipi uliyonayo.

Sasa hesabu. Kwenye pakiti kuna kasi, mfano 3200 au 6000, na namba ya CL, yaani mizunguko ambayo RAM husubiri kabla ya kutoa data. Kujua muda halisi wa kusubiri data, zidisha CL kwa 2000, kisha gawa kwa kasi. RAM ya 3200 yenye CL16 inatoa nanosekunde 10. Ya 6000 yenye CL30 inatoa 10 vilevile, lakini inabeba data karibu mara mbili kwa wakati mmoja. Ya 6000 yenye CL40 inatoa 13.3. Kwa hiyo pakiti mbili zilizoandikwa 6000 si sawa, na anayezitangaza kwa kasi tu amekuficha nusu ya habari.

Nunua vipande viwili vilivyofungwa pakiti moja badala ya kipande kimoja kikubwa. Prosesa husoma njia mbili kwa pamoja, na ukiiachia moja, michoro ya ndani ndiyo inayoumia zaidi.

Hatua ya 5: Diski

M.2 ni umbo, si kasi. Kipande chenye umbo hilo kinaweza kuwa cha SATA, ambacho kwa vitendo huishia karibu MB 550 kwa sekunde, au cha NVMe, kinachopitia njia za kasi zaidi za PCIe, ambacho kikiwa kwenye PCIe 3.0 hukaribia MB 3,500 na kwenye PCIe 4.0 hukaribia MB 7,000. Kwa kuwasha mashine na kufungua programu, tofauti kati ya hizo NVMe mbili ni ndogo kwa macho. Anayenakili mafaili makubwa ya video siku nzima ataiona.

Usishtuke diski ya TB 1 ikionyesha GB 931 kwenye Windows. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024. Hujaibiwa.

Hatua ya 6: Pawa saplai, na hapa tuchukue muda

Ningeruhusiwa kusisitiza kipuri kimoja tu, ningesisitiza hiki. Pawa saplai mbovu haifi peke yake. Inaweza kuondoka na madabodi, kadi na diski yenye kazi yako ya miaka. Na ndicho kipuri ambacho watu hukichagua mwisho, kwa fedha iliyobaki.

Geuza boksi usome lebo, kwenye mstari wa volti 12. Karibu kila kitu kizito ndani ya kompyuta ya leo hula kwenye mstari huo. Zidisha volti 12 kwa ampea zilizoandikwa. Ukikuta ampea 54, hiyo ni wati 648, na pawa saplai inayoitwa ya 650 inasema kweli. Ukikuta ampea 30, hizo ni wati 360 tu, hata kama mbele ya boksi pameandikwa 650 kwa herufi kubwa. Zilizobaki wamezijumlisha kutoka mistari midogo ambayo hutaitumia. Hesabu hii haichukui hata dakika moja, na imeniepusha na pawa saplai nyingi mbaya.

Alama ya 80 PLUS inaeleza jambo moja: sehemu ya umeme wa ukutani inayofika ndani badala ya kupotea kama joto. Daraja la Gold, kwenye kipimo cha volti 115, linadai asilimia 90 pawa saplai ikibeba nusu ya mzigo wake. Yaani kompyuta ikihitaji wati 300, ukutani zinatoka takriban 333. Ni habari nzuri kwa bili na kwa joto, lakini haikuambii kama umeme unaotoka umetulia, wala kama kinga zake zinafanya kazi. Kwa hayo tafuta majaribio ya watu waliofungua kifaa, wakapima kwa vyombo na kukijaribu kwa mzigo kamili. Kinga unazotaka kuona zimethibitishwa ni dhidi ya volti kupanda, mkondo kuzidi, shoti, na joto kupita kiasi.

Wati ngapi? Jumlisha ukomo wa prosesa, wati za kadi, na kama 80 hadi 100 za vilivyobaki. Tuseme prosesa ni 88, kadi ni 200, mengine 80: jumla 368. Ongeza theluthi au zaidi, uchukue ya 550. Nafasi hiyo inahitajika kwa sababu kadi za michoro huruka ghafla kupita wati zake kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Kiwango cha pawa saplai kiitwacho ATX 3.0, cha mwaka 2022, kilizingatia hilo kwa kudai pawa saplai za kadi kubwa zihimili miruko ya hadi mara mbili ya wati zake.

Onyo moja zito. Nyaya za pawa saplai zinazochomolewa hazibadilishwi na za pawa saplai nyingine, hata zikiingia vizuri. Upande wa pawa saplai hauna kiwango kimoja cha mpangilio wa pini. Niliwahi kubadilisha pawa saplai na kuacha nyaya za zamani ndani ya keisi ili nisifungue upya. Diski mbili zilikufa sekunde ileile niliyowasha.

Hatua ya 7: Kusoma majaribio ya watu wengine

Huwezi kupima kila kipuri mwenyewe, hivyo utategemea vipimo vya wengine. Kuvisoma ni ujuzi.

Anza na mazingira ya kipimo. Mpimaji mkweli anaandika prosesa, RAM, toleo la draiva, mipangilio ya mchezo, na joto la chumba. Akiacha hayo, namba zake huwezi kuzilinganisha na za mtu mwingine. Joto la chumba hasa kwa vipoza: nyuzi 75 kwenye chumba cha nyuzi 20 na nyuzi 75 kwenye chumba cha nyuzi 30 ni vipoza viwili tofauti kabisa. Toa joto la chumba kwanza, ndipo ulinganishe. Tazama pia kama alipimia kwenye meza ya wazi au ndani ya keisi iliyofungwa, kwa sababu yako itafungwa.

Kwenye michezo, wastani wa fremu kwa sekunde hautoshi. Tafuta namba ya asilimia 1 ya fremu zilizo mbaya zaidi. Kadi inaweza kuwa na wastani wa 90, huku fremu mbaya zikishuka hadi 25, yaani picha inasimama kwa milisekunde 40, na jicho linaona mshtuko. Ningechagua yenye wastani wa 75 na chini 60 bila kufikiri mara mbili.

Jiulize pia kipuri gani hasa kilichopimwa. Prosesa hupimwa kwenye picha ndogo makusudi, ili kadi isiwe kizuizi. Ukitazama jaribio la prosesa lililofanywa kwa 4K, zote zitaonekana sawa, kwa sababu kadi ndiyo iliyochoka. Na kadi hupimwa na prosesa yenye nguvu kuliko nyingi tulizonazo majumbani, kwa hiyo namba utakayoiona kwako inaweza kuwa ndogo.

Kuanzia mwaka 2022, kadi za NVIDIA za RTX 40 zilileta fremu za kubuni, ambapo kadi inachora fremu ya katikati isiyotoka kwenye mchezo wenyewe. Picha inateleza vizuri zaidi, lakini mkono wako kwenye kipanya hausikilizwi haraka zaidi. Grafu inayolinganisha kadi moja yenye fremu za kubuni na nyingine isiyo nazo si ulinganisho wa haki. Nazikuta kila mara kwenye matangazo ya watengenezaji, pamoja na grafu ambazo mstari wake wa chini hauanzii sifuri, ili tofauti ya asilimia 4 ionekane kama mlima.

Tofauti ya asilimia 2 au 3 kati ya vipuri viwili ichukulie kuwa hakuna tofauti. Kipimo kilekile kikirudiwa mara tatu hutofautiana kiasi hicho. Na soma ni nani aliyempa mpimaji kipuri: kupewa na mtengenezaji si kosa, ila msomaji anastahili kuambiwa.

Hatua ya 8: Keisi na vipimo

Madabodi ya ukubwa uitwao ATX ni milimita 305 kwa 244, micro-ATX ni 244 kwa 244, Mini-ITX ni 170 kwa 170. Linganisha urefu wa kadi na kimo cha kipoza na namba za keisi, uache nafasi ya nyaya. Uso wa mbele uwe na matundu ya hewa. Kioo kizima mbele kinapendeza na kinaziba pumzi.

Kwa vipuri vilivyotumika, omba kuviona vikifanya kazi, na usome afya ya diski kwa programu ya CrystalDiskInfo. Kama utatumia Windows, kumbuka kwamba Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (kipengele cha usalama) na prosesa ya kizazi cha 8 cha Intel au Ryzen 2000 kwenda juu, kwa sehemu kubwa.

Hatua ya 9: Kuunganisha

Gusa chuma kisicho na rangi kila mara kabla ya kushika kipuri, ili umeme tuli uondoke mwilini. Fanya kazi mezani, si juu ya zulia.

Anzia nje ya keisi. Weka madabodi juu ya boksi lake, fungua mkono wa soketi, linganisha pembetatu ya prosesa na ya soketi, kisha iachie itue yenyewe. Usiisukume. Kwenye LGA na AM5 pini ziko upande wa madabodi na ni laini mno. Kwenye AM4 ziko kwenye prosesa. Ingiza RAM nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, mpaka usikie mlio. SSD ya M.2 ingiza kwa mshazari, ilaze, ufunge skrubu yake.

Pesti ya joto, tone la ukubwa wa punje ya dengu katikati linatosha prosesa ya kawaida. Bandua plastiki iliyo chini ya kipoza. Watu wengi huisahau, na prosesa hufika nyuzi 100 ndani ya dakika. Kaza skrubu kwa kukatisha kona, kidogo kidogo.

Sasa washa ukiwa bado nje ya keisi: chomeka waya wa pawa saplai wa pini 24 na ule wa pini 8 wa prosesa, pamoja na monita (na kadi, kama prosesa haina michoro ya ndani), kisha gusanisha pini mbili za swichi kwa ncha ya bisibisi. Ikiwaka na kuonyesha BIOS, umeokoa saa nyingi za kutafuta tatizo baadaye. Waya wa pini 8 wa prosesa na ule wa kadi ya michoro hufanana, lakini umeme wake umepangwa kinyume. Soma maandishi kwenye ncha, usilazimishe.

Ndani ya keisi, hakikisha vishikizo vya shaba viko chini ya kila tundu la madabodi, na hakuna kilichobaki pasipo na tundu, maana hicho kitaleta shoti. Feni za mbele ziingize hewa, za nyuma na juu zitoe. Feni hupuliza kuelekea upande wenye mihimili ya fremu. Kadi ichomekwe kwenye nafasi ya juu iliyo ndefu, na waya wake mpya wa pini 16, kama inao, usukume mpaka usione pengo lolote. Viunganishi vya aina hiyo vimewahi kuyeyuka kwa kuingizwa nusu. Usiupinde karibu na kiunganishi.

Kama una kadi, waya wa monita uende kwenye kadi, si kwenye madabodi.

Hatua ya 10: Kuwasha na kujaribu

Mashine ya DDR5 inaweza kukaa na skrini nyeusi kwa dakika kadhaa mara ya kwanza, ikijifunza memori. Usiizime. Ikigoma kabisa, tazama taa ndogo za madabodi: zimeandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, na iliyobaki inawaka ndiyo inayokuonyesha pa kuanzia.

Ndani ya BIOS, washa XMP au EXPO, mpangilio unaoiruhusu RAM itembee kwa kasi iliyoandikwa kwenye pakiti. Bila hivyo RAM ya 6000 itatembea kwa kasi ya chini ya kiwanda, na utakuwa umelipia kasi usiyoitumia. Kisha endesha Memtest86+, programu ya kujaribu RAM, usiku kucha. Kosa moja tu ni kubwa: zima XMP au EXPO urudie, na likijirudia, rudisha RAM ilikotoka.

Baada ya kusakinisha mfumo, endesha Cinebench, programu inayoipa prosesa kazi nzito, kwa nusu saa huku programu ya HWiNFO ikionyesha joto na kasi, halafu mchezo mzito au programu ya OCCT kwa kadi. Andika namba ulizopata pamoja na joto la chumba siku hiyo. Baada ya mwaka, vumbi likijaa na mashine ikaanza kupiga kelele, utarudia kipimo kilekile na kujua kama pesti imekauka au ni feni tu zinazohitaji kusafishwa. Piga picha namba za mfululizo za kila kipuri kabla hazijafichwa nyuma ya kadi na kipoza, na uhifadhi risiti na maboksi mpaka waranti ya mwisho iishe.